Mgongo ukiuma usilale, na bibi mwachie ndoo yake

Jumapili iliyopita akina mama wa kikoba kimoja huku Igogo, Mwanza, juu kabisa mlimani, waliniita niongee nao kuhusu afya baada ya kuweka hisa zao. Walikuwepo na vijana wa boda wanaoweka akiba pamoja nao, na wazee wawili watatu wa mtaa. Baadae simu zikawa nyingi, fizio tuandikie tuwatumie ndugu zetu, basi nimeandika kama nilivyoongea, na maswali nimeyaacha humohumo.

Mwadila! Mwadila mayu! Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi.

Nilikuwa nimekaa pale pembeni nawaangalia mnavyoingia, kila anayefika anashika kiuno, anahema, anajipepea na kanga, halafu anasema jamani hiki kilima kitatuua. Na mama mwenyekiti ameniomba radhi mara mbili, pole fizio, mambo yakikaa vizuri tutakodi ukumbi kule chini barabarani watu wasiteseke. Mama mwenyekiti nakuomba kwa heshima zote, huo ukumbi msiukodi. Hiki kilima ndo kimewashikilia mpaka leo, na nimekuja kuwaambia hilo tu, mengine yote nitakayosema yanazungukia hapohapo.

Kazi yangu ni fizio, huu mwaka wa 17, nanyoosha migongo, magoti, mabega, nafundisha kutembea upya watu waliopata stroke. Na watu wengi wanaofika kwangu wanaamini mwili ni kama tairi la boda, ukilitumia linalika, ukilipaki linadumu. Hapana jamani. Mwili ukiutumia unajijenga, ukiupaki unaanza kujibomoa wenyewe, nyama ya paja inapungua, mfupa unapungua, moyo unazoea uvivu, na wala hausubiri miaka, mtu mzima akilazwa wiki mbili tu siku ya kuinuka utamuona anatafuta ukuta wa kushika. Kwa hiyo vitu vingi tunavyovifanya kwa huruma, kwa kujipenda au kumpenda mtu, ndo hivohivo vinavyotuangusha.

Kuna utafiti mmoja wa zamani naupenda sana kwa sababu ni habari ya suka na konda. Ulitoka mwaka 1953 huko London, daktari mmoja anaitwa Jerry Morris. Mabasi yao wakati ule yalikuwa ya ghorofa, dereva anakaa kwenye usukani kutwa nzima, konda anapanda anashuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku anayoingia kazini. Wote mwajiri mmoja, mji uleule, moshi uleule. Akakuta makonda wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na hata wale makonda waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi na wengi zaidi walipona. Watu wakambishia, wakasema labda wanene ndo wanaochagua udereva, na kweli kwenye hilo kulikuwa na ukweli fulani, suruali za sare za madereva zilikuwa na viuno vikubwa, lakini akaenda akaangalia na watu wa posta, wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli dhidi ya makarani wa mezani, ikawa hivohivo.

Sasa vijana wa boda nisikilizeni. Mnasema fizio sisi hatuhitaji mazoezi, tunashinda juani, usiku tunalala kama mizigo. Naamini mnachoka, ila kuchoka kwenu ni kwa suka, ni kuchoka kwa jua na vumbi na kelele na mawazo ya hesabu ya bosi, miguu yenyewe haijafanya kitu toka saa 12 asubuhi. Konda wa daladala ya Igoma anayeruka juu chini kila kituo anawapita mbali.

Nirudi kwenye kilima. Mwaka 2022 watafiti walitoa majibu ya watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza, wote ni watu wanaosema wenyewe kwamba hawafanyi mazoezi yoyote, hawakimbii, hawaendi jimu. Walivalishwa kifaa mkononi kinachorekodi mijongeo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka karibu 7. Wale ambao katika shughuli zao za kawaida walikuwa wanapata vipindi vitatu kwa siku vya dakika moja au mbili za kuhema kwelikweli, kupanda ngazi haraka, kukimbilia basi, kubeba mzigo mzito, hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na wale ambao hawahemi kabisa kutwa nzima. Ni uchunguzi wa kuangalia watu wanavyoishi, hawakupewa dawa ya kulinganisha, kwa hiyo msiende kutangaza kwamba mlima unazuia kifo. Lakini ni dakika moja jamani. Dakika moja ni kutoka pale kwenye jiwe kubwa mpaka hapa mlangoni.

Zamani hata sisi tulikuwa tunawaambia watu zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halihesabiki, Shirika la Afya Duniani wakaliondoa hilo kwenye mwongozo wao wa 2020, sasa hivi kila mjongeo unahesabika, kikubwa kwa wiki mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 za kutembea kwa haraka au kazi inayofanana na hiyo, na siku mbili za kazi ya nguvu. Na zile hatua 10,000 ambazo watoto wenu wanazihesabu kwenye simu, asili yake ni biashara, Japani mwaka 1965 waliuza kifaa wakakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, jina lilipendeza likaenea dunia nzima. Ukipata 6,000 ukiwa unapanda huku Igogo usilie.

Na kushuka. Hapa ndo watu huwa wanabisha. Kule Austria kwenye milima kuna magari ya kamba yanayopandisha watu, wakachukua watu wa kawaida tu wasiofanya mazoezi, miezi miwili wanapanda kwa miguu wanashuka na gari la kamba, miezi miwili mingine wanapanda na gari wanashuka kwa miguu. Kila mtu angesema faida yote iko kwenye kupanda, kushuka si unateremka tu. Majibu yakaja, kupanda kulisaidia kusafisha mafuta kwenye damu, na kushuka ndo kulisaidia mwili kushughulikia sukari. Ni kwa sababu ukishuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki, inavutika huku inakaza, hiyo ni kazi nzito hata kama huhemi, ndo maana ukishuka mlima mrefu kesho yake mapaja yanakuuma kuliko mtu aliyepanda. Sasa wewe mama mwenye sukari umepanda kwa miguu kwa sababu boda haifiki, halafu kushuka unaona unateleza tu, shuka kwa makini, shuka polepole, hiyo nayo ni dozi. Mwenye magoti yanayouma ashuke upandeupande kama mbuzi, ashike fimbo, na ndala zilizolika aziache nyumbani.

Naomba kijana mmoja wa boda. Wewe mwenye koti la kaki, njoo mdogo wangu, usiogope. Simama hapa, mgongo kwenye ukuta. Haya sogeza miguu mbele, hatua moja na nusu, sasa teremka na mgongo ukiwa ukutani kama unakaa kwenye kiti, shuka, shuka, simama hapohapo, mapaja karibu yalale sawa. Mikono usiweke magotini, iache ining'inie. Usibane pumzi, ongea na mimi. Una watoto wangapi? (Wawili.) Wa kwanza darasa la ngapi? (La tatu.) Mnaona, sekunde 30 hazijafika na mapaja yameanza kutetemeka, na huyu ni kijana anabeba magunia. Endelea. Mama mhazini naomba utuangalizie saa.

Hiki anachofanya hakina jasho, hakina viatu vya bei, hatoki alipo, na ukipita nje utadhani ameadhibiwa na mwalimu. Lakini mwaka 2023 walikusanya majaribio 270 yenye watu zaidi ya 15,000 wakalinganisha aina za mazoezi kwenye presha, kukimbia, vyuma, mchanganyiko, na hii ya kukaza bila kusogea ndo iliyoshusha presha zaidi, ile namba ya juu ilishuka kwa wastani wa kama 8, wakati kukimbia na kutembea ilishuka kama 4 na nusu. Unakaa dakika mbili, unapumzika dakika mbili, mara nne, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa kushuka mpaka chini, shuka kidogo. Imefika ngapi mama? Dakika moja na sekunde 10! Inuka, mpigieni makofi jamani, usikae chini ghafla, tembea kwanza.

Na hapa nasema kwa sauti ili hata walioko nje wasikie, dawa za presha usiache. Zoezi linasaidiana na dawa, halichukui nafasi yake, na kama presha yako iko juu sana ishushwe kwanza hospitali ndo uje kwenye ukuta.

Sasa mgongo. Akina mama wa dagaa mnaoinama kwenye vichanja kule mwaloni, akina mama wa kuchota mchanga, najua hapa kuna watu wanaumwa mgongo muda huu ninaoongea. Mgongo ukikamata, mtaa mzima unakuwa na ushauri mmoja, lala, lala chini kwenye ubao, usijigeuze. Nimepokea baba mmoja aliyelala kwenye mkeka wiki tano, mke anamlisha, alipoletwa mgongo ulikuwa ndo tatizo dogo, miguu ilikuwa imeisha.

Mwaka 1995 huko Helsinki, Finland, walichukua wafanyakazi wa jiji 186 waliokamatwa na mgongo ghafla, wakawagawa makundi matatu, wa kwanza walazwe siku mbili, wa pili wapewe mazoezi maalum ya mgongo, wa tatu waambiwe endeleeni na shughuli zenu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka kuliko wote ni hao wa tatu. Mimi ni mtu wa mazoezi na nawaambia hivo, kundi la mazoezi lilipitwa na kundi la kwenda kazini kwa kujikaza kidogo. Kwa hiyo ukikamatwa, siku ile ya kwanza tafuta mkao unaokupa nafuu, lakini kila nusu saa inuka, zunguka nyumba, fagia taratibu, nenda dukani mwenyewe. Kuuma hakumaanishi kinavunjika.

Ila kuna mgongo wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, na huu haumsubiri fizio wala mganga. Ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, mguu ukakosa nguvu, au umeanguka, umegongwa. Na mgongo unaokuja na homa, kukonda, jasho la usiku, huo wahi ukapimwe, TB inakaa hata kwenye mifupa ya mgongo.

Niongee habari ya mama yangu. Nimefikiria nikiwa njiani kama niiseme au niiache, naona niiseme.

Mama yangu alikuwa Ukerewe, ng'ambo kule, analima mihogo na viazi, anateka maji ziwani, anaanika michembe juu ya jiwe. Miaka 74. Sisi watoto tukakaa kikao tukasema mama ameteseka vya kutosha, sasa aje mjini apumzike. Tukamleta kwangu. Tukamnunulia sofa, ile ya kuzama. Asubuhi anaamka anataka kufagia uwanja, wajukuu wanamkimbilia, bibi acha, bibi kaa. Anataka kuchota maji kwenye bomba la uani na kindoo chake kidogo, kilikuwa kindoo cha rangi cha lita nne alichokuja nacho na mpini wake wa waya, mtoto anamnyang'anya kwa heshima kabisa, bibi shikamoo lete nikubebee. Na mimi nikawa nawasifia. Nilikuwa nawaambia wageni, unaona watoto wangu wanavyompenda bibi yao.

Ndani ya miezi minane yule mama alikuwa hawezi kuinuka kwenye lile sofa. Namkumbuka alivyokuwa anafanya, anashika pembeni mikono yote miwili, anajirusha mbele mara ya kwanza anarudi, mara ya pili anarudi, mara ya tatu anapata, akisimama anasubiri kidogo macho yamtulie. Mimi nawafundisha watu kuinuka kwenye viti kila siku ya Mungu, na nikaona ni uzee. Usiku mmoja akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Alifanyiwa upasuaji akarudi nyumbani, na hapo ndo nilipokumbuka nilichosoma. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, walichukua wazee 10 kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri miaka 86 mpaka 96, wengine na maradhi matatu manne, wakawapa mazoezi ya vyuma vya miguu, vizito kwelikweli, siku tatu kwa wiki, wiki nane. Mmoja hakumaliza. Waliobaki nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo. Miaka 90 jamani. Misuli haijui tarehe ya kuzaliwa, inajua kama ina kazi au haina kazi.

Basi sofa tukalitoa. Tukaweka kiti cha mbao chenye mto mmoja juu yake ili kiwe kirefu, anakaa anainuka, mwanzoni nimemshika mkanda, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Wiki ya tatu mto ukatoka. Kisha nikamrudishia kindoo chake, kina maji robo. Wajukuu niliwaweka chini nikawaambia, bibi akibeba hiki kindoo hakuna mtu kukigusa, wewe tembea nae pembeni, mpigie stori, ukiona anayumba shika kiuno chake, ndoo iache. Yule wa mwisho alilia, anasema mama watu watasema hatuna adabu. Na kweli majirani walisema. Robo ikawa nusu, nusu ikawa kindoo kizima. Mwaka jana mama alipanda meli kwenda Nansio, ngazi za meli alipanda mwenyewe, mimi niko nyuma nimebeba begi, na machozi yananitoka bandarini mchana kweupe.

Kwa hiyo nawaomba, mwenye mama au baba mzee nyumbani, mwachie kazi yake. Kama alikuwa anachambua dagaa kwenye kigoda, aendelee kukaa kwenye kigoda, kule kushuka chini na kuinuka ndo vyuma vyake. Adabu muonyesheni kwa namna nyingine, bafuni wekeni kitu cha kushika na sakafu isiteleze, taa ya usiku iwepo. Lakini ndoo mwachieni.

Maswali.

Dada mmoja hapa mbele ameuliza, fizio nakimbia kila Jumamosi na jogging ya pale Furahisha, miezi sita sasa, kitambi kiko palepale. Dada pole, na usiache kukimbia. Jirani zetu Wahadzabe, huko Ziwa Eyasi, walipimwa na watafiti majibu yakatoka 2012. Wale watu wanatembea kilomita nyingi kila siku kuwinda, kuchimba mizizi, kutafuta asali. Wakalinganishwa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Nguvu wanayoichoma kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa karibu sawa. Watafiti wenyewe walishangaa. Mwili una akili ya bajeti, ukitumia sana kwenye miguu unabana matumizi kwingine. Kwa hiyo kukimbia kunakupa moyo, kunakupa sukari nzuri, usingizi, akili kutulia, kitambi kinaondokea kwenye sahani na kwenye soda mnayokunywa mkimaliza kukimbia. Na kitu kingine kuhusu Wahadzabe, utafiti wa 2020 ulionyesha wanapumzika karibu saa 10 kwa siku mchana, sawa na mtu wa ofisi, tofauti ni kwamba wao wanachuchumaa na kupiga magoti, misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo hata wakipumzika. Huku tunaona kuchuchumaa ni ushamba.

Mama mwingine ameuliza chakula, yeye ana sukari, ameambiwa aache ugali kabisa. Ya daktari wako sitaibishia mama, ila nakuongezea mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza mpangilio. Sisi tunaanza na ugali, mboga ni ya kusindikizia. Geuza, anza na mchicha na sato wako, kula mpaka karibu vimalizike, ndo uingie kwenye ugali. New York mwaka 2015 waliwajaribu watu 11 wenye sukari, chakula kilekile, siku moja wameanza na mkate na juisi ya chungwa, siku nyingine wameanza na kuku na mboga mkate ukaja dakika 15 baadae, sukari ya baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Ni watu wachache, lakini huna cha kupoteza. La pili, ukimaliza kula usijilaze, na usiseme nangoja kishuke. Nyuzilandi watu 41 wenye sukari waliambiwa watembee dakika 10 baada ya kila mlo, wakalinganishwa na kutembea dakika 30 muda wowote wanaotaka. Dakika zilezile kwa siku, lakini sukari baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 wakitembea baada ya mlo, na baada ya chakula cha jioni, ambacho ndo huwa kizito halafu tunakaa kwenye tamthilia, asilimia 22. Kama unachoma insulini beba kitu kitamu mfukoni, isije ikashuka sana.

Na kiporo, nimesikia mtu anacheka, kiporo sio umaskini. Wanga uliopikwa ukapoa kabisa, viazi, wali, ugali, sehemu yake inajifunga upya na tumbo linashindwa kuivunja haraka, inapita inakuwa chakula cha wale bakteria wazuri wa utumbo, na hata ukipasha moto sehemu nzuri inabaki hivohivo. Faida yake sio kubwa ya kukufanya ule sinia, sawa? Na wali usiulaze kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi na joto hili la Mwanza, kuna vijidudu vinaotea kwenye wali vinaacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Upoze haraka, utandaze kwenye sinia, uingie kwenye friji. Asiye na friji apike wa kumalizika.

Kijana ameuliza kuogelea. Kuogelea ni zoezi zuri sana na ziwa hili hapa tunaliona lote, na roho inaniuma kusema hivi, lakini kwenye kingo zenye magugu na konokono, maji yametulia, hapo kuna kichocho, kinaingia kwa kupenya ngozi, hakihitaji umeze maji. Kujifuta na taulo hakutoshi. Wanaoingia ziwani kwa kazi, wavuvi, wanaofua, wapime na wameze dawa ya kichocho, praziquantel, watakavyoelekezwa, na mkojo wa damu au choo cha damu usikae nacho ndani.

Haya mama mwenyekiti, mimi nimemaliza na harufu ya pilau nimeshaisikia. Ombi langu kwa kikoba, kachumbari na maharage vitangulie, pilau lifuate. Na tukishanawa mikono asikae mtu, tunashuka wote mpaka pale kwenye duka la mkaa tunarudi, na yule babu aliyekaa pale mwisho na fimbo yake asibebwe na mtu, nitatembea nae mimi, tutafika wa mwisho.